Meli Ikikuacha Liuli, Kosa ni la Nani?

Mwezi Machi mwaka 2024 abiria wanane wa meli ya kitalii ya Norwegian Dawn walishuka kutembea kisiwani São Tomé, karibu na pwani ya magharibi ya Afrika. Hawakwenda na ziara iliyoandaliwa na meli. Walitafuta mwenyeji wao, wakalipa wao, wakatembea wao. Wakachelewa kurudi. Walipofika pwani meli ilikuwa bado ipo, imetia nanga mbele ya macho yao. Walinzi wa pwani wakawapakia kwenye boti wakawafikisha karibu na meli kabisa. Nahodha akasema hapana. Meli ikaondoka na mizigo yao. Wakaikimbiza nchi kwa nchi hadi Gambia, na huko nako meli ikashindwa kutia gati kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa. Waliipata Dakar, Senegal, baada ya karibu wiki nzima.

Habari hiyo ilizunguka dunia, na hosteli zetu hazikubaki nyuma. Chumba kimoja wanasema nahodha ni katili: boti ipo ubavuni, ndani yake mna mama mjamzito na wazee, kamba tu inashindikana? Chumba cha pili wanasema aah, muda ni muda, waliambiwa saa ya kurudi wakaidharau. Nimesikiliza pande zote na naona wengi tunalijadili jambo hili kana kwamba ni la Wazungu wenye pesa za kuchezea. Wakati ni letu kabisa. Msomi mwenzangu unayetoka Lupingu, Manda, Lundu, Liuli au Mbamba Bay, wewe umekuwa abiria wa namna hiyo tangu utotoni, ila hakuna aliyekuita mtalii.

Kwa asiyeijua pwani yetu nieleze kidogo. Ziwa Nyasa lina urefu unaokaribia kilomita 600 na kina cha takribani mita 700. Upande wetu wa Tanzania meli hutoka Kyela, bandari za Itungi na Kiwira, hushuka kusini ikipita Matema, kisha chini ya milima ya Livingstone, Lupingu, Manda, Lundu, Liuli, hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Zamani kazi hiyo ilifanywa na MV Songea na MV Iringa. Mwaka 2021 ikaanza MV Mbeya II, iliyojengwa hapo hapo ziwani kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Kwa vijiji vingi vilivyo chini ya milima ya Livingstone meli si starehe. Ndiyo barabara yenyewe, kwa kuwa mlima umeshuka moja kwa moja majini na hakuna pa kupitisha basi.

Sasa, safari ya siku nzima hakuna anayekaa kwenye kiti mwanzo hadi mwisho. Meli ikisimama, watu wanashuka. Mwingine anafuata ugali wa moto, mwingine mbasa na dagaa wa kupeleka nyumbani, mwingine anakwenda kumsabahi shangazi ambaye nyumba yake "ni hapo tu, juu kidogo." Vituo vingi meli haitii gati, inasimama majini na watu wanavushwa kwa boti na mitumbwi. Kwa hiyo kushuka ni safari na kurudi ni safari nyingine. Hiyo "hapo tu" ya shangazi ina dakika 10 za kupanda, dakika 20 za salamu, sahani ambayo huwezi kuikataa kwa heshima, na foleni ya mtumbwi wa kurudia. Wenye meli za kitalii wanayo lugha yao ya mambo haya: abiria aliyeshuka na ziara ya meli husubiriwa ikichelewa, aliyeshuka kivyake hasubiriwi. Kwetu hakuna ziara ya meli. Sote tumeshuka kivyetu.

Swali ni hili: meli ikikuacha, kosa ni la nani? Msimamo wangu nautoa mapema ili usinitafute. Anayechelewa aachwe. Ila aachwe na meli iliyomtajia saa. Meli isiyotaja saa haina haki ya kumwacha mtu, na abiria aliyetajiwa saa hana haki ya kusubiriwa. Hizo ni nusu mbili za jambo moja, na sisi kwa miaka mingi tumekuwa tukigombana juu ya nusu ya pili tu.

Nianze na wanaosema tusubiriane. Hoja yao ina uzito, na siidharau. Wanasema hii si hoteli inayoelea, ni meli ya wananchi, na utu unataka mtu asiachwe ufukweni usiku akiwa na mtoto mgongoni. Kweli. Lakini hesabu ya utu tunaipiga upande mmoja. Tunamwona huyu anayekimbia ufukweni akipunga kanga, kwa sababu yuko mbele yetu. Hatumwoni yule aliye kituo cha mbele.

Chukua mfano. Meli ina vituo saba kabla ya kile cha mwisho, na kila kituo inapoteza dakika 20 kumsubiri mtu mmoja aliyenogewa na samaki. Dakika 20 ni nini? Si kitu. Zizidishe mara saba: dakika 140, yaani saa mbili na dakika 20. Kituo cha mwisho kilichopaswa kufikiwa saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, sasa kinafikiwa saa moja na dakika 20 usiku. Na kituo hicho kama kingine kinavusha watu kwa mitumbwi. Kuna bibi anashuka pale na gunia, kuna mgonjwa anapandishwa kwenda hospitali, na wote wanafanya hivyo gizani, mtumbwi unapanda na kushuka ubavuni mwa meli. Yule aliyesubiriwa Lupingu amekula ugali wake vizuri. Gharama imelipwa na mtu asiyemjua, kituo kingine, usiku.

Ongeza na upepo. Likizo yetu ndefu inaangukia katikati ya mwaka, na huo ndio msimu wa mwera, upepo wa kusini-mashariki ambao wavuvi wa ziwa zima wanauheshimu. Meli inayoshuka kwenda Mbamba Bay inaelekea kusini, yaani inakwenda kuupokea usoni. Nahodha anapopanga saa ya kuondoka hapangi kwa kiburi, anapanga kwa kuangalia maji na mwanga. Ukimla muda wake umemla akiba ya usalama aliyowawekea abiria wote.

Halafu kuna jambo la kuhesabu watu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote na ndilo tunalolizungumza kidogo kuliko yote. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Meli ilitakiwa kubeba abiria 430. Orodha ilionyesha 443 wa daraja la kwanza na la pili pekee. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Mpaka leo hakuna awezaye kutaja kwa uhakika idadi ya waliokufa, kwa sababu hakuna aliyejua waliopanda. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara. Kilitakiwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walipita 220. Siku za kwanza za msiba ule swali lililorudiwa kila saa lilikuwa lile lile la mwaka 1996: walikuwa wangapi?

Hii inahusianaje na wewe unayeshuka kununua dagaa? Inahusiana sana. Meli inayoruhusu watu kushuka na kupanda bila kuhesabiwa haijui ina nani ndani. Leo kutojua huko kunamwacha mtu Liuli. Siku nyingine kutojua huko huko kunaacha familia zikizunguka ufukweni zikiuliza kama ndugu yao alikuwamo au hakuwamo. Aliyeachwa kwa sababu hakuna aliyegundua kuwa hayupo, na aliyezama bila jina lake kuandikwa popote, wote wametoka kwenye daftari moja lisiloandikwa. Ndiyo maana mimi suala la kurudi melini kwa wakati silioni kama adabu ya abiria peke yake.

Hapo ndipo nawageukia wenye vyombo. Ni rahisi sana kumlaumu abiria. "Waswahili hatujali muda." Sentensi hii naichukia, na wasomi ndio tunaoipenda. Abiria anajifunza muda kutoka kwa chombo anachokipanda. Meli iliyoandikwa saa sita ikaondoka saa kumi imemfundisha somo moja tu: saa iliyotajwa ni mapambo. Ukimfundisha hivyo miaka mitano, mwaka wa sita huna haki ya kumshangaa akiwa bado anakaanga samaki wakati honi inalia. Tazama watu hao hao kwenye mabasi ya Mbinga kwenda Songea tangu lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay ilipowekwa. Basi la alfajiri linaondoka alfajiri, na abiria wanafika alfajiri, wakiwa na mabegi na watoto na kuku. Hawakubadilishwa damu. Wamekutana na chombo kinachotimiza neno lake, basi.

Na kuna hili la saa yenyewe. Ni saa ngapi, kwa saa ya nani? Wewe unacheka, lakini fikiria vizuri. Tiketi ya mashine inaandika 15:00. Mhudumu anatamka saa tisa. Mtoto wa mjini anaangalia simu yake inayosema tatu na ushee na anajua afanye nini, lakini mzee asiyetumia simu ya namna hiyo atauliza jirani, na jirani anaweza kumwambia saa tatu. Halafu ng'ambo ya ziwa, Malawi, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na Msumbiji vilevile. Ukiwa pwani hii na simu yako ikajipangia saa kwa kunasa mtandao wa ng'ambo, unaweza kujiona una saa nzima ya ziada, unaagiza na chai ya pili, kumbe kamba imeshafunguliwa. Wenye meli za kitalii wameliona jambo hili zamani, ndiyo maana wanawaambia abiria wafuate saa ya meli, si ya simu wala ya mji waliofikia.

Pwani yetu ina kisa chake kikubwa cha habari kuchelewa kumfikia mwenye meli. Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli, ambako wao walipaita Sphinxhafen, ikifanyiwa matengenezo. Tarehe 13 Agosti ikatokea Gwendolen ya Waingereza kutoka upande wa pili wa ziwa. Nahodha wake, Rhoades, na Berndt wa Wissmann walikuwa wakifahamiana vizuri, marafiki wa kunywa pamoja. Rhoades akafyatua mzinga. Berndt akatoka na kiboti chake kulalamika, kwa sababu Ulaya ilikuwa imeshaingia vitani na yeye hakuwa na habari. Akatekwa papo hapo. Unaweza kumcheka, lakini hakuwa mzembe, alikuwa kazini kwake akitengeneza chombo chake. Mwenzake alikuwa na habari na yeye hakuwa nayo. Abiria aliyekaa kwa shangazi bila kutajiwa saa hana tofauti kubwa na Berndt.

Kwa hiyo tunataka nini? Nataja mambo ambayo hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, ubao. Ubao mweusi na chaki, pale abiria anaposhukia, umeandikwa kwa Kiswahili: "Meli inaondoka saa tisa alasiri. Uwe ndani saa nane na nusu." Saa mbili tofauti, kama wanavyofanya wenzetu, kwa sababu saa ya kuondoka si saa ya kufika. Na meli ikiwa yenyewe imechelewa, iandikwe saa mpya, isiachwe watu wakikisia.

Pili, honi yenye maana. Leo honi inalia wakati wa kufika, inalia wakati wa kuondoka, na inalia nahodha akimwona rafiki yake. Ikubalike moja: mlio mmoja, nusu saa imebaki, miwili, robo saa, mitatu, tunang'oa nanga. Kwenye vijiji vile mlio wa meli unasikika mbali, na hata shangazi atakufukuza mezani mwenyewe.

Tatu, hesabu. Kila anayeshuka kwa muda aache kipande cha namba na akichukue akirudi. Vipande vilivyobaki ubaoni ndio watu waliobaki nchi kavu. Mhudumu mmoja anatosha. TASAC, ambao ndio wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, wakilisimamia hili wataponya matatizo mawili kwa dawa moja.

Nne, meli iondoke. Yakifanyika hayo matatu, nahodha aondoke bila kutukanwa. Akiwapo mgonjwa au mzazi yuko njiani, hilo ni la uamuzi wake na hakuna atakayemlaumu kwa kungoja. Lakini samaki, chai na salamu, hapana.

Nawarudia sasa wasomi wenzangu, maana kulaumu serikali tunaweza na tumefuzu. Sisi ni abiria wenye nafasi ya kujisaidia kuliko bibi wa Lundu. Ukishuka, gawa muda wako vipande viwili: cha kwanza cha kwenda na kufanya shughuli, cha pili chote cha kurudi. Ukipewa saa mbili, saa ya kwanza ikiisha uwe umegeuka, hata kama shangazi hajamaliza kuuliza utaoa lini. Pesa, dawa, simu na kitambulisho viwe mwilini mwako, si kwenye begi lililobaki melini. Wale wanane wa São Tomé mizigo yao ilisafiri vizuri kuliko wao. Mwambie uliyekaa naye jina lako na unakokwenda. Usimwachie bodaboda mmoja roho yako mahali palipo na bodaboda mmoja. Na tafadhali, usipange kufika chuoni usiku wa kuamkia mtihani kwa chombo kinachotegemea upepo. Msimamizi wa mtihani hamjui mwera, na sapu haina honi.

Jua pia mahali unapoachwa panatofautiana. Ukiachwa Mbamba Bay siku hizi umepata hasara ya nauli: unapanda basi hadi Mbinga, unapita katikati ya kahawa ya Wamatengo na ngoro zao, unafika Songea na maisha yanaendelea. Ukiachwa chini ya Livingstone umebaki na mlima nyuma na maji mbele mpaka chombo kingine kije. Kwa hiyo kabla hujashuka usijiulize tu meli inakaa muda gani. Jiulize ikiniacha hapa natokaje.

Kuna atakayesema nimekuwa mkali kwa watu wa kwetu. Namjibu kwamba ukali ni kumwambia bibi asubiri mtumbwini gizani kwa sababu kijana wa chuo alikuwa anachagua mbasa mnene. Waliosema ngojangoja huumiza matumbo walijua tumbo linaloumia ni la anayengoja.

Na tuanzie nyumbani. Serikali yetu ya wanafunzi hukodi mabasi ya ziara za mafunzo kila mwaka, na kila mwaka tunaondoka saa mbili baadaye kwa kumngoja mtu aliyekwenda kuchukua chaja. Wengine tumekaa ndani tangu saa kumi na mbili, tumeacha chai, tumemdanganya dereva kwamba "yuko getini." Waziri anayehusika aandike kwenye tangazo la ziara ijayo saa ya kuwa ndani ya basi na saa ya basi kuondoka, achague mtu mmoja wa kuhesabu vichwa, na saa ikifika basi litoke. Tukishindwa kuliondoa basi la watu 60 kwenye geti letu wenyewe, tusiwe na mdomo wa kumfundisha kazi nahodha wa Ziwa Nyasa.